Hatimiliki Ukutani: Imani ya Kikristo na Suala la Hazina za Dunia katika Nitaolewa Nikipenda na Shetani Msalabani

Miongoni mwa mafundisho ambayo imani ya Kikristo iliyaleta katika nyanda za juu za Kenya, hakuna yaliyohubiriwa sana na wakati huo huo kushukiwa sana kuliko yale yanayomtaka mwamini asiufungie moyo wake katika mali ya dunia. Injili ya Mathayo inayaeleza kwa taswira ambazo hata asiyekanyaga kanisani anazijua: nondo, kutu na mwizi. Katika uhakiki wa kazi za Ngugi wa Thiong'o, mafundisho haya yamezoea kupewa hukumu moja tu. Dini, husemwa, ni kasumba. Ahadi ya hazina ya mbinguni ni chambo cha kumpumbaza mkulima ili shamba lake litwaliwe akiwa amefumba macho kwa sala. Hukumu hiyo ina ushahidi mwingi, na Ngugi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, hakuficha msimamo wake: mwaka 1970, akihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alianza kwa kukana kwamba yeye ni Mkristo. Hata hivyo, hukumu yenye ushahidi mwingi yaweza kuwa na upungufu, na upungufu wa hii ni kwamba inamfanya mhakiki aache kusoma pale hasa ambapo matini inaanza kuwa na utata.

Makala haya yanachunguza kazi mbili zilizoandikwa kwa Kikuyu na ambazo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa nazo tangu mwaka 1982: tamthilia Nitaolewa Nikipenda, ambayo Ngugi aliiandika pamoja na Ngugi wa Mirii, na riwaya Shetani Msalabani. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hizi haziyakatai mafundisho ya kutofungwa na mali. Zinayapokonya kutoka vinywani mwa wenye mali na kuuliza yalielekezwa kwa nani tangu mwanzo. Swali hilo si la wahubiri peke yao. Katika nchi ambamo kipande cha ardhi ndicho chakula, ukoo na kaburi, mtu anayemwambia mwenzake aiachilie dunia anapaswa kwanza kusema ni dunia ya ekari ngapi.

Nitaolewa Nikipenda iliigizwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1977 huko Kamiriithu, Limuru. Waigizaji walikuwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wakulima na wafanyakazi. Mwezi uliofuata serikali ilipiga marufuku maonyesho hayo, na mwaka ulipokwisha Ngugi alikuwa ametiwa kizuizini. Habari hizi zimesimuliwa mno na hazihitaji kurudiwa kwa kirefu. Linalohitaji kukumbukwa ni jambo ambalo uhakiki hulipita kwa haraka: Kamiriithu kilikuwa kijiji kilichotokana na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Usajili wa mashamba katika eneo zima la Kati uliharakishwa chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati ambapo wengi waliokuwa vizuizini au msituni hawakuwapo kudai mipaka yao. Kwa hadhira ya Kamiriithu, basi, karatasi yenye muhuri haikuwa ishara ya tamaa. Ilikuwa ushahidi wa nani alikuwapo na nani hakuwapo siku kamba ya mpimaji ilipovutwa.

Tamthilia inaanzia nyumbani kwa Kiguunda, kibarua katika shamba la tajiri Ahab Kioi wa Kanoru. Ukutani imetundikwa hatimiliki ya ekari moja na nusu. Kiguunda huitazama hati hiyo, huishika, huirudia. Wahakiki wameiona kuwa jazanda ya utu wa mkulima, nao wamesema kweli, ingawa si kweli yote. Hati hailimwi. Mchana kutwa mwenye hati hii anatoa nguvu zake katika udongo wa mtu mwingine, na jioni anarudi kuliangalia shamba lake likiwa karatasi. Kiswahili kinatenganisha riziki na hazina. Riziki ni kile kinachopatikana leo kikaliwa leo; hazina ni kile kilichowekwa. Katika sura moja tu ya Mathayo, ile ya 6, wanafunzi wa Yesu wanafundishwa kuomba ya kwanza na kukatazwa kuilimbikiza ya pili, na hakuna mgongano wowote baina ya mambo hayo mawili. Ekari moja na nusu ya Kiguunda ni riziki kwa kila kipimo. Lakini kitendo cha kuitundika kinaashiria mwanzo wa badiliko ambalo watunzi wameliona na wala hawakulitangaza: riziki imeanza kutazamwa kama hazina, na kinachotazamwa kama hazina kinaweza kubadilishwa kwa hazina nyingine. Bila ufa huu mdogo katika tabia ya Kiguunda, hila itakayomwangamiza baadaye isingepata mahali pa kushika.

Kabla Kioi na wenzake hawajafika, jukwaa linapitiwa na kundi la waumini wa madhehebu ya maskini. Wanaimba na kuchangisha fedha za harambee ili wajenge kanisa lao. Hawa hawana ardhi, hawana nyumba, na wimbo wao unaahidi kwamba waliokosa hapa watapata huko. Tukio ni fupi na aghalabu huchukuliwa kuwa kichekesho cha kupitisha wakati. Yafaa litazamwe upya. Kundi hili ndilo pekee katika tamthilia nzima linaloishi kwa dhati mafundisho ya kutokuwa na mali, na ndilo pekee linaloomba. Kinaya chake ni kikali: waliokwisha kuachana na dunia wanahimizana waachane nayo zaidi. Wahubiri wengi hupenda kukitaja kisa cha mjane aliyetoa senti zake mbili, nacho kimo katika sura ya 12 ya Marko. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aya zinazotangulia kisa hicho zinawashutumu viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Mjane yule hakutokea katika simulizi bila sababu. Aliletwa kama ushahidi wa shutuma iliyotangulia, kisha mapokeo yakamtenga na shutuma hiyo na kumfanya kielelezo cha ukarimu. Watunzi wa tamthilia hii wanamrudisha mjane mahali pake, iwe walikusudia au hawakukusudia.

Kioi anapoingia pamoja na mkewe Jezebel na wenzao, anakuja na sala, na shauri lake ni la kiroho: Kiguunda na Wangeci wameishi miaka yote bila ndoa ya kanisa, yaani wameishi katika dhambi, na sasa wanapaswa kufunga ndoa takatifu. Mtazamaji anafahamu tayari kwamba barua ya kutaka kuinunua ekari moja na nusu imekwisha kufika, kwa kuwa wakubwa na washirika wao wa kigeni wanakitafuta kiwanja cha kujengea kiwanda cha dawa za wadudu. Kiguunda na Wangeci nao wana tafsiri yao. Wanadhani kwamba ndoa hiyo ni maandalizi ya uchumba baina ya binti yao Gathoni na John Muhuuni, mwana wa Kioi. Kwa hiyo pande zote mbili zinazungumza lugha ya wokovu na zote mbili zina hesabu za dunia. Hapa tamthilia inavuka mipaka ya propaganda ambayo baadhi ya wasomaji wameisingizia. Mkulima hajapumbazwa na mbingu. Amepumbazwa na duniani, kupitia mlango wa mbinguni. Anachotamani ni suti, gauni, keki na ukwe wa tajiri, na ili kuvipata anaitoa hatimiliki benki iwe dhamana ya mkopo, Kioi akiwa mdhamini wake.

Sehemu ya mwisho inapofunguka, hati haionekani tena. Ukuta uliokuwa nayo sasa una nguo za harusi, na nyumba imepata ubao wenye maneno ya kumtukuza Kristo kuwa kichwa cha nyumba hiyo, nakala ya ule uliopamba sebule ya Kioi. Ni vigumu kupata katika tamthilia za Kenya za kipindi kile maelezo ya jukwaani yaliyobeba uzito kama haya. Kiguunda ameachana na hazina yake ya duniani kama alivyoagizwa. Kilichoingia mahali pake ni hazina nyingine ya duniani, na zaidi ya hayo tangazo kwamba si ya duniani.

Jina la Ahab na la mkewe Jezebel ndiyo ufunguo ambao watunzi wameuacha wazi mlangoni, na ajabu ni kwamba wahakiki wanaotaja majina haya hutosheka kusema kuwa ni majina ya waovu wa Biblia. Kisa kinachodokezwa kimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu analitaka shamba la mizabibu la Nabothi, jirani ya jumba lake. Anatoa masharti ambayo mfanyabiashara yeyote angeyaona ya haki: bei kamili, au shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi anakataa, kwa kuwa shamba ni urithi wa baba zake. Yezebeli ndipo anapoandika barua kwa muhuri wa mfalme na kuamuru watu watangaze mfungo. Katika mkutano huo wa ibada Nabothi anashtakiwa kwa uongo kuwa amemtukana Mungu na mfalme, anapigwa mawe, na Ahabu anateremka kulimiliki shamba. Kila kiungo cha hila ya Kioi kimo humu tayari: ombi la kununua, muhuri, ibada inayoandaliwa ili kupokonya, shtaka la dhambi dhidi ya mwenye ardhi. Ngugi na mwenzake hawakuhitaji kwenda kwa Marx ili kusema kwamba sala inaweza kuwa chombo cha unyang'anyi. Waliipata hoja hiyo katika kitabu kile kile kilichokuwa mkononi mwa Kioi.

Muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba Biblia haimlaumu Nabothi. Kama kufungamana na kitu cha dunia kungekuwa dhambi bila ya masharti, Nabothi angekuwa mkosaji wa kwanza, maana alikufa kwa kung'ang'ania shamba. Lakini simulizi iko upande wake, na nabii Eliya anatumwa kumshtaki mfalme. Mapokeo ya Kiebrania kuhusu ardhi, yanayoonekana pia katika Mambo ya Walawi sura ya 25, hayamwoni mwenye urithi kuwa mmiliki wa bidhaa. Humwona kuwa mlinzi wa kitu alichokabidhiwa, na kwa ajili hiyo kukiuza si uhuru. Ni usaliti. Kwa hiyo kuna kukataa kuachilia kulikobarikiwa na kukataa kuachilia kulikolaaniwa. Kijana tajiri wa Injili aliyeambiwa auze alivyo navyo awape maskini alikataa, akaenda zake kwa huzuni. Nabothi alikataa akawa shahidi wa haki. Mafundisho yanayowaweka wawili hawa katika fungu moja si mafundisho ya Biblia, na huo ndio ujanja wa Kioi: anamhubiria Nabothi maneno yaliyosemwa kwa kijana tajiri.

Kiguunda, hata hivyo, si Nabothi kamili. Nabothi alisema hapana. Kiguunda anasema ndiyo, na kusema kwake ndiyo ndiko kunakoipa tamthilia msiba wake, kwa kuwa utetezi wa kuwa mnyonge haumwondolei mtu uwezo wa kukosea. Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ndiye anayechukua nafasi ya Eliya, akiilinganisha dini na pombe katika kuilevya roho. Hotuba zake ni ndefu, na lazima isemwe kwamba baadhi yake zinaulemea msuko. Pia zinafanya kosa lile lile linalofanywa na wahakiki wake: zinaishambulia dini kwa jumla ilhali jukwaa limeonyesha jambo mahususi zaidi. Tamthilia ni nadhifu kuliko msemaji wake.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo kingine cha jambo hili. Utenzi mashuhuri wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unatazama magofu ya Pate na kuionya nafsi isidanganyike na dunia. Ni utenzi wa Kiislamu, lakini wasomi wa kimisionari waliupokea kwa hamu, na tafsiri ya W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Mombasa, ilichapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand. Ni rahisi kuona kilichowavutia. Hata hivyo, kuna sifa moja ya utenzi huo ambayo mahubiri ya kina Kioi hayana: mtunzi anauonya moyo wake mwenyewe. Hamwambii jirani auache mji. Anajiuliza mwenyewe kwa nini bado anaupenda. Aidha, wanaotajwa kuwa walipoteza kila kitu ni wale waliokuwa na majumba, taa na watumishi. Mtazamo wa kuipa dunia kisogo, uwe wa Kiislamu au wa Kikristo, unapata uhalali wake kutokana na mahali anaposimama msemaji. Kioi anaposimama katika nyumba ya kibarua wake na kumtaka atubu, ameshapoteza uhalali huo kabla ya kufungua kinywa, hata kama kila neno lake limo katika Maandiko.

Shetani Msalabani, iliyoandikwa Kamiti mwaka 1978 juu ya karatasi za chooni, inalihamishia suala hili mahali pake, yaani kwa matajiri wenyewe. Ndani ya matatu ya Mwaura inayokwenda Ilmorog, Mwireri wa Mukiraai, msomi wa biashara, anautegemea mfano wa talanta kuthibitisha kwamba aliye na mtaji hana budi kuuzalisha. Baadaye, pangoni, mwendesha sherehe anausimulia upya mfano huo: bwana anayeondoka sasa ni mkoloni anayewaachia watumishi wake waaminifu mali ili arudi kwa mlango mwingine, na mtumishi wa tatu, yule mbaya, anazifukia fedha ili aone kama zitazaa zenyewe. Hazizai. Anamrudishia bwana wake mtaji, akiwa amegundua kwamba bila jasho la mfanyakazi fedha ni chuma na karatasi. Kwa mhakiki wa fasihi, hapa si suala la kukejeli Maandiko tu. Ni usomaji wa Maandiko, na usomaji hodari, kwa kuwa unakigusa kile ambacho wafafanuzi wengi wamekihangaikia, yaani ugumu wa bwana anayekiri kuvuna asipopanda. Yafaa pia ikumbukwe kwamba sura ya 25 ya Mathayo haiishii kwenye talanta. Inaendelea mpaka kwenye hukumu ambayo kigezo chake ni nani alimlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi. Mukiraai anashuka garini kabla ya kituo hicho.

Mashindano ya wezi na wanyang'anyi pangoni yamechambuliwa mara nyingi kwa mkabala wa tashtiti na wa fasihi simulizi. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba kila mshindani anafichua hofu iliyo nyuma ya mali yake. Gitutu wa Gataanguru anawazia kuuza udongo vyomboni na hata hewa. Hatosheki na kumiliki kitu, anataka kumiliki kile ambacho pasipo hicho hakuna anayeweza kuishi. Lakini ni Nditika wa Nguunji anayeifikisha hoja ukingoni. Anapendekeza kiwanda cha kutengenezea viungo vya binadamu, ili tajiri awe na mioyo miwili, matumbo mawili, na akiba ya kumfanya asife kama maskini wanavyokufa. Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka kuna tajiri ambaye mavuno yake yalizidi, akaamua kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, na usiku ule ule akatakiwa roho yake. Nditika ni tajiri huyo aliyeusoma mfano mpaka mwisho na badala ya kutubu akatafuta fundi. Ameelewa kwamba kasoro ya ghala ni kifo, basi anataka ghala iwe mwili wenyewe. Mfano wa Luka umeendelezwa hapa kwa mantiki yake mwenyewe mpaka ukawa wa kutisha na wa kuchekesha kwa pamoja. Msomaji asiyeujua mfano huo atacheka; anayeujua hatacheka kwa muda mrefu.

Kadhalika majaribu ya Wariinga. Katika uwanja wa gofu wa Ilmorog, baada ya kuyashuhudia ya pangoni, anasikia sauti inayomwahidi mali na starehe kwa bei ya roho yake. Majaribu ya Yesu nyikani, ambako anaonyeshwa falme zote za dunia, yanasikika nyuma ya kila sentensi. Wariinga anakataa. Tofauti ni kwamba Yesu alijaribiwa kabla ya kuuanza utume wake, ilhali Wariinga anajaribiwa akiwa ameshauzwa mara moja: mjomba wake wa Nakuru alimtoa kwa Mzee Tajiri wa Ngorika ili apate msaada wa kupanda ngazi ya mali. Yeye mwenyewe alikuwa hazina ya watu wengine. Kwa mtu wa namna hiyo, kuikataa mali si kujinyima. Ni kujirudishia nafsi. Hii ni nyongeza ya kweli katika mafundisho yanayojadiliwa hapa, na riwaya inastahili sifa kwa kuifikia bila ya kuihubiri.

Pamoja na sifa hizo, kuna pengo ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulipita. Katika kazi zote mbili mali hupokonywa, hulimbikizwa, hutetewa kwa silaha, au hupotea, haiachiliwi. Hakuna Zakayo. Hakuna hata mhusika mmoja mwenye nacho anayesimama mbele ya watu na kusema kwamba atarudisha alichodhulumu. Mtetezi wa Ngugi atajibu kwamba watu wa namna hiyo hawakuwapo Kenya ya miaka ya 1970, na kwamba uhalisia hauruhusu kuwazua. Jibu hilo halitoshi. Vuguvugu la uamsho lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Kenya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lilijulikana kwa mambo mawili: kuungama hadharani na kurudisha vilivyoibwa. Walokole walirudisha vitu na fedha kwa waliowadhulumu, wakaonekana wendawazimu kwa ajili hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari wengi wao katika Mkoa wa Kati walikataa kiapo cha Mau Mau na pia walikataa kushika silaha kwa upande wa serikali, na baadhi waliuawa. Msimamo wao wa kisiasa unaweza kulaumiwa, na umelaumiwa. Haiwezekani, hata hivyo, kudai kwamba eneo hilo halikuwahi kuona mtu aliyeiachilia mali kwa ajili ya imani. Waliookoka wa Nitaolewa Nikipenda wote ni wanafiki au maskini waliopumbazwa. Nafasi ya tatu imefungwa, na kufungwa kwake ni uamuzi wa kiitikadi uliovishwa sura ya uhalisia. Katika Matigari, riwaya iliyofuata mwaka 1986, nyumba inayogombaniwa inaishia kuteketea kwa moto, na suala la nani angeweza kuitoa kwa hiari linateketea nayo.

Au pengine nafasi hiyo haikufungwa kabisa. Mhusika mmoja anasimama karibu na mlango wake, naye hupewa maelezo machache katika uhakiki kwa sababu huonekana kuwa dhaifu. Gatuiria ni mwana wa Mzee Tajiri wa Ngorika. Alikataa kuzisimamia mali za baba yake, akaenda Marekani kusomea muziki kwa muda wa miaka 15, na aliporejea akaajiriwa chuo kikuu badala ya kuishi kwa urithi. Kwa kipimo cha nje ameshaiacha hazina. Ameacha kuitumia lakini hajaacha kuwa mrithi wake, na jambo hilo linathibitishwa na uamuzi wake wa kumpeleka Wariinga nyumbani ili wazazi wambariki. Huko Ngorika Wariinga anamtambua mchumba wake kuwa mwana wa mtu aliyemharibia ujana, mzee anamsihi amwache mwanawe awe wake yeye, risasi inalia, na Wariinga anaondoka zake bila kutazama nyuma. Gatuiria anabaki uani. Hajui kama aushughulikie mwili wa baba, amfariji mama, au amfuate mwanamke anayempenda, na muziki unaosikika kichwani mwake haumpeleki popote.

Wahakiki wa mrengo wa kimapinduzi wameusoma mwisho huu kama hukumu juu ya msomi wa tabaka la kati asiyeweza kuchagua. Usomaji huo unakubalika. Lakini msomaji aliyefuata mifano ya Injili tangu matatu ya Mwaura hadi pangoni atamtambua kijana huyu mara moja: ni yule yule tajiri aliyeondoka kwa huzuni, ila huyu hana hata mahali pa kuondokea. Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Kijana wa Injili alikuwa ameulizwa. Mtu alimtazama, na kwa mujibu wa Marko alimpenda, kisha akamwambia la kufanya. Huzuni yake ni ya mtu aliyesikia na akashindwa. Gatuiria hajaulizwa na yeyote. Muturi hajamwuliza, mwanafunzi kiongozi wa maandamano hajamwuliza, na Wariinga, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumwuliza, alitumia bastola, ambayo haiulizi. Kwa kifo cha baba yake, mashamba ya Ngorika yamekuwa yake dakika hiyo hiyo. Riwaya inakatika hapo, mrithi akiwa amesimama katika ua ambao sasa ni milki yake.